Nafasi ya Mistari Miwili

Bwana Afisa wa Manispaa,
fomu yako imefika, imelowa pembeni.
Nimejaza jina, anwani, idadi ya paka:
arobaini na mmoja, au arobaini na wawili
kama yule shume mweusi wa relini bado yu hai.
Ila pale ulipoandika *Faida kwa jamii*
umeniachia mistari miwili.

Mwandiko wangu ni mkubwa, bwana.
Miaka thelathini niliendesha winchi bandarini Trieste;
kuandika sikuzoea, nilizoea kunyanyua.
Nivumilie nikivuka ukingo.

Aliyeanza ni Ondina.
Aliikuta karakana hii ya kamba imebaki nusu ya paa,
akaingia na sufuria ya vichwa vya samaki.
Tulimwita chizi. Mimi nilimwita kwa sauti.
Nilikuja hapa mara ya kwanza kulalamika:
walilia usiku kama watoto waliotupwa,
mkojo wao ulitupandia ngazi hadi vyumbani.
Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.
Kisha akanipa beleshi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
mimi hata ile ya kwanza haikuisha.

Unataka tarakimu?
Daktari Jelka huja Jumapili, wenzake wakiwa misani.
Huwahasi kwa malipo ya kikombe cha kahawa,
hukata ncha ya sikio la kushoto
tujue nani ameshapita mikononi mwake.
Mwaka huu vichakani wamezaliwa wanne.
Mwaka ule wa makelele yangu hatukuhesabu,
tulikuwa tunazika.

Tullio mwoka mikate hajaona panya tangu Pasaka.
Hutuletea mikate ya jana.
Paka hawaigusi. Tunakula sisi.

Dejan wa ghorofa ya tatu ana kigugumizi.
Shuleni wanamngoja kwa macho, na macho hayo ndiyo yanayomkaba.
Hapa humsomea yule chongo mwenye mkia uliovunjika,
ukurasa mzima, herufi ikikwama inakwama.
Paka hammalizii mtu neno lake.

Nerina na Bi Zora walinuniana miaka kumi na tisa
kwa ajili ya ukuta wa bustani.
Ratiba ikawakutanisha Jumatano.
Bado hawasemezani, nisikudanganye.
Lakini mmoja hushika kichwa,
mwenzake hudondoshea jicho dawa,
na kwa kazi hiyo mikono lazima ielewane.

Sasa Februari.
Upepo wetu unaitwa bora,
jina ambalo halikuulizwa na wanaopeperushwa.
Siku ile ulikuwa ukingʼoa vigae,
nami nikaja kuziba dirisha, haikuwa zamu yangu.
Nikawakuta langoni, manyoya yamelala upande mmoja,
wote wanatazama kilimani anakoshukia Ondina.
Saa mbili. Yeye hufika saa kumi na mbili na nusu.
Sisemi kwamba paka waliniita. Paka haiti mtu.
Walikuwa na njaa, na njaa yao ilijua saa.
Nikapanda. Nikamkuta sakafuni jikoni,
nyonga imevunjika, midomo ya buluu,
ananiuliza kama wamekula.

Mimi mwenyewe usinihesabu kwenye faida.
Andika tu, pakibaki upenyo,
kwamba tangu Marcella afariki
Alhamisi ndiyo siku pekee ninayoitambua
bila kutazama kalenda.

Mistari yako imekwisha zamani, naona.
Hapa chini, *Kwa matumizi ya ofisi tu*,
kuna nyayo nne za tope. Si zangu.
Nimejaribu kuzifuta, zikaenea.

Ukija kukagua, vaa viatu vilivyochoka.
Beleshi liko nyuma ya mlango.